Saa za Huku, Saa za Kule

Tunduma ina bustani moja tu ya kukaa, na hata hiyo wageni huipita bila kuiona kwa sababu ya malori. Imejificha nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, kando ya barabara ambako malori husimama kutwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Ndani kuna mijakaranda mikubwa ya zamani. Wapo wanaosema ilipandwa na Mwingereza wa forodha aliyekumbuka kwao, na wapo wanaosema ilipandwa na wafungwa kwa amri yake. Mimi naamini ni wafungwa, maana sijawahi kumwona bwana mkubwa akishika jembe.

Katikati kuna jukwaa la zege la mviringo, lenye paa la bati, lililojengwa kwa ajili ya tarumbeta za enzi hizo. Tarumbeta zilikwisha, jukwaa likabaki. Maharusi huenda kupigia picha pale, vijana huenda kudanganyana pale, na mara moja kwa mwaka, kahawa ikishavunwa na mvua haijaanza, kwaya za mkoa mzima na za ng'ambo ya mpaka hukusanyika kuimba chini ya miti ile. Watu wa Ibaba na milima mingine ya baridi huja na makoti yao mazito, wakatoka jasho kutwa nzima na wasiyavue.

Niliipenda bustani ile tangu nikiwa mdogo. Siku hizi naingia kwa sababu ya baba, na nikitoka huwa sina hamu ya kuongea na mtu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, karibu na Nanyala, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake, lakini kwa masikio hakuwa na mwenzake Mbozi nzima. Mtu akikosea sauti, baba hakugomba. Alinyoosha kidole kumwonyesha safu ya nyuma, naye mkosaji akaenda kusimama huko kimya. Wengi walisema heri wangetukanwa.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, hakuwahi kuonyeshwa kile kidole. Alikuwa sauti ya kwanza, naye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Baba alimfundisha tangu akiwa hajaota meno ya ukubwani, jioni, wakirudi kutoka shambani, yeye mbele na dada nyuma na mzigo wa kuni kichwani. Mimi nilitembea nyuma yao wote, na hakuna aliyenifundisha chochote kwa sababu naimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Kisha dada akapendwa na mpiga gitaa wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, akavuka kwenda kuolewa bila posa na bila kuaga, tamasha likiwa limekaribia. Kwaya yetu ilipanda jukwaani bila sauti yake, ikaaibika mbele ya mkoa mzima. Baba alirudi nyumbani, akavua koti, akasema mbele yetu sote: "Ile sauti niliilea mimi. Sitaisikia tena."

Mahari ilipokuja baadaye, aliwaachia baba wadogo wapokee. Yeye alikwenda shambani.

Miaka ikapita. Mama akafariki, na hata msibani baba na dada walikaa pembe mbili tofauti. Mimi nikahamia Tunduma kuuza vitenge, nikawa daraja kati yao, na kazi ya daraja ni kukanyagwa na pande zote mbili. Dada aliniuliza habari za baba kana kwamba anauliza bei ya sukari. Baba aliniuliza habari za "yule wa kule". Nilikuwa nikiwajibu wote kwa hasira, kwa sababu nilijua kila mmoja anamlilia mwenzake akiwa peke yake.

Lakini kwetu kuna jambo moja ambalo jukwaa lile hulimaliza upesi kuliko kikao chochote cha ukoo. Mtu anapoimba, ndugu yake huinuka, hupanda jukwaani, humfunga kitenge kiunoni huku wimbo ukiendelea. Ndiyo kumtuza. Na mzazi akimtuza mwanawe hadharani namna ile, ugomvi umekwisha. Hakuna faini, hakuna kuombana radhi, na atakayeufufua baadaye wazee watamzomea.

Dada alianza kuvimba shingo. Walimpeleka Lusaka, wakamrudisha na dawa za maumivu tu, na mwenye akili alielewa maana yake. Nilivuka kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa shingoni, akanishika mkono.

"Kwaya yetu ya hapa Nakonde inaimba bustanini mwaka huu," alisema. "Mwambie baba aje."

"Nitamwambia unaumwa. Atakuja hata kesho."

"Ukimwambia hivyo, mimi na wewe basi. Akija kwa huruma, hatakuwa amenisamehe. Asije hapa kitandani. Aje bustanini anikute nimesimama, mukwai."

Huo mukwai ni wa Kibemba, wa kumbembeleza mtu kwa heshima, na yeye hakuwa na kawaida ya kunibembeleza. Ningemzaba kofi kama asingekuwa mgonjwa. Badala yake nikakubali.

Nilimkuta baba akigeuza kahawa kwenye kichanja. Nikamwambia, "Baba, kwaya ya dada inaimba bustanini. Saa nane, Jumamosi. Saa nane za huku." Hakuinua kichwa. Akageuza, akageuza, kisha akasema, "Na kahawa hii nani ataigeuza?" Nikarudi Tunduma nimefurahi, maana baba akikataa jambo huwa anasema hapana.

Nilisema za huku kwa sababu kule Zambia saa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma hatupeani miadi bila kuulizana, "Za huku au za kule?" Hata simu zetu huchanganyikiwa. Ukisogea karibu na mpaka, simu hudaka mtandao wa kule, ikajirudisha nyuma saa nzima bila kukuomba ruhusa. Sisi wenyeji tumezoea. Tukitaka kujua saa tunatazama ya ukutani, au tunamuuliza mtu mwenye saa ya mkononi. Lakini mtu wa Nanyala atayajulia wapi hayo?

Jumamosi ile mijakaranda ilikuwa imechanua, na maua yake yameanguka juu ya bati la jukwaa na juu ya viti vya kukodi. Niliwahi viti viwili mbele, kimoja nikakitandikia kanga ili watu wasikikalie. Niliwafukuza wanne. Kwaya zilipanda na kushuka. Ilipokaribia saa nane nikampigia baba, nikaambiwa hapatikani. Nikapiga tena na tena. Nikatoka hadi getini nikatazama barabara, nikaona malori tu, safu mbili, yameziba hata maduka ya upande wa pili. Nikasikia kwaya ya dada ikitangazwa. Nikarudi mbio.

Wanawake wawili walimpandisha dada wakiwa wamemshika mikono. Walipofika katikati ya jukwaa wakamwachia, akasimama mwenyewe. Alivaa sare ya bluu, na kola ya juu kuficha shingo. Akaanzisha wimbo.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa imekwaruzika, na kila ilipotakiwa kupanda ilikatika, akaidaka tena chini, akaendelea. Wenzake walipunguza sauti zao ili yake isizame. Watu wasiomjua walitazamana. Mimi nililia waziwazi, sikujali. Yeye hakututazama hata mmoja wetu. Tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho alitazama getini.

Hakuna aliyepanda kumtuza. Mumewe alikuwa kwenye gitaa. Mimi nilikuwa na duka zima la vitenge, lakini alichokisubiri hakikuwa kitenge changu. Wimbo ulipokwisha mumewe akaweka gitaa chini, akambeba hadi kwenye gari, wakavuka.

Kwaya nyingine tatu ziliimba. Kisha nikamwona baba anaingia getini, amevaa koti lake la kwaya, amechana nywele, kofia mkononi na mfuko wa kaki kwapani. Alinijia akitabasamu kwa aibu. Sikumbuki lini nilikuwa nimemwona akitabasamu.

"Bado kidogo," alisema, akanionyesha saa yake ya mkononi. "Nilifika mapema, nikakaa hapo ng'ambo ya barabara kwa mama wa chai. Sikutaka waseme mzee amekuja kusubiri."

Nilitazama ile saa. Ilikuwa nyuma saa nzima.

"Baba, nani ameirudisha nyuma hii?"

"Mimi. Nilipofika hapa niliona imeipita simu, nikajua imeharibika. Wajukuu wamenifundisha, simu inachukua saa juu huko, haidanganyi."

Nikamwambia. Sikujua namna ya kulisema taratibu, nikalisema lote: saa, kwaya, shingo, Lusaka, kubebwa. Akakaa kwenye kile kiti chenye kanga. Wengine waliendelea kuimba na kupiga makofi, na baba akiwa katikati yao kama mtu aliyekuja tamashani. Baadaye akainuka, akasema, "Nipeleke."

Tulivuka kwa miguu. Dada alikuwa amelala, amefumba macho. Baba hakumsalimia shemeji, hakumsalimia mtu. Alifungua mfuko wa kaki, akatoa kitenge chekundu kama kahawa iliyoiva mtini, akakipitisha juu ya blanketi, akakifunga kiunoni mwa dada. Fundo likamshinda, akarudia. Nilikitambua kitenge kile. Ni mimi niliyewauzia wachuuzi wa Vwawa kwa jumla, naye akaenda kukinunua kwao ili mimi nisijue.

Dada akafumbua macho. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki pumzi tu, ikabidi tuiname.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu," baba akasema. "Nilikuwa hapo nje ya ukuta. Nilikusikia wimbo wote."

Dada akashika lile fundo kwa mikono miwili, akalala nalo. Mimi nilimshukuru baba moyoni kwa kumpa mgonjwa uongo mzuri.

Sauti ile haikurudi. Baba alikaa kule Nakonde, yeye aliyekuwa hatamki hata jina la mahali pale, akimlisha uji kwa kijiko. Aliongea naye, na dada akajibu kwa mkono na kwa macho. Mvua za kwanza zilipoanza, tukamzika huko huko, na kitenge chake.

Tuliporudi kutoka makaburini baba aliniomba tupite kwa yule mama wa chai. Tukakaa kwenye benchi lake. Malori yalikuwa mbele yetu, na nyuma ya malori ukuta wa bustani. Bustanini kulikuwa kimya. Chai ikaletwa, hakuigusa.

"Unadhani nilimdanganya," alisema.

"Ulimfariji, baba."

"Sikumdanganya. Nilikuwa nimekaa hapahapa. Vipaza sauti vinafika. Jina la kwaya lilimezwa na honi za malori, lakini yeye nilimsikia tangu mwanzo mpaka mwisho." Akaendelea bila kunitazama. "Nikamwambia huyu mama, mwalimu wa kwaya hii hana masikio. Huyo mwanamke anayeanzisha angemrudisha safu ya nyuma."

Yule mama wa chai alisikia, akaingia ndani kwake. Mimi nilimsogelea baba kwenye benchi. Nilimwonea huruma. Na chini ya huruma ile, siwezi kuficha, kulikuwa na hasira ya zamani, kwake yeye na kiapo chake, kwa dada na ubishi wake, kwa kile kisimu cha baba kilicholala mezani kikionyesha saa za watu wengine.

Tangu hapo baba aliacha kufundisha kwaya. Walikuja kumbembeleza mara nyingi, akawaambia masikio yamezeeka. Lakini tamasha halimpiti. Hulala kwangu usiku wa kuamkia, na asubuhi tunafika bustanini viti havijapangwa. Anakaa mbele, anasikiliza kila kwaya, hata zile ambazo zingemtoa mbio zamani. Vitenge sasa ananunua kwangu, na hataki punguzo.

Mwaka huu alisimama mwanamke mmoja kuanzisha wimbo, na kwa kweli hakuwa mwimbaji. Sauti ilikwaruza, ikapanda ikaanguka. Watu wakaanza kuguna. Vijana waliokaa juu ya ukuta wakapiga miluzi. Baba akainuka, akapanda ngazi za jukwaa moja moja, akamfunga kitenge kiunoni, akamwinamia sikioni. Kijana mmoja nyuma yangu akacheka, "Huyo mzee muziki haujui kabisa." Nilitaka kugeuka nimjibu. Nikamwacha.

Baba akarudi, akakaa, akaniegemea.

"Nimemuuliza," alininong'oneza. "Haumwi. Ndiyo sauti yake tu."

Akavua kofia, akaiweka magotini, akasubiri kwaya inayofuata.