Nilimzika Mama Mahakamani Akiwa Hai

Admin, ficha jina langu, ingawa Kyela nzima ikisoma itajua ni mimi. Nina miaka kumi na tisa, niliishia kidato cha pili, na mdomo wangu huu ulimliza karani wa mahakama mpaka akaazima leso. Mawakili wenu wa suti waje niwafundishe kazi.

Kosa lenyewe dogo tu. Jumapili watu wako ibadani, nikavunja mlango wa mwalimu wa kwaya, nikabeba spika. Uvumilivu ukanishinda, mchana ule ule nikaiwasha geto. Mlio wa ile spika kila muumini anaujua. Walinikuta nacheza. Msicheke.

Mahakamani nikakiri fasta. Hakimu, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu?"

Hapo nikafungulia bomba. "Mheshimiwa, baba alishatangulia. Mama naye tumemzika juzi tu. Wadogo zangu wananitazama mimi." Na chozi nikalidondosha.

Hakimu akavua miwani. Akasema kwa kuwa ni kosa langu la kwanza na sikuisumbua mahakama, nitatumikia kifungo cha nje, nifagie zahanati ya kwetu Busale.

Nageuka natabasamu, benchi la nyuma amekaa mama yangu. Akasimama, akakaza kitenge chake, akatoka.

Mtu aliyenisikia mahakamani akampigia shangazi wa Kasumulu kumpa pole ya msiba. Kesho yake mashangazi wakashuka kwetu na mikungu ya ndizi na kuni za msiba, wanalia kuanzia barabarani. Wakamkuta marehemu anapepeta mchele.

"Karibuni jamani," akawaambia. "Mfiwa yuko zahanati, anafagia."

Jioni nikafika, nikapiga goti. "Mwagonile, mama."

Akamgeukia jirani. "Mwambie huyo kijana, maiti haiitikii salamu."

Mpaka leo ni hivyo. Kunipikia ananipikia, anafunika sahani, anaiacha kibarazani, anaingia ndani. Nakula peke yangu, namsikia ndani anacheka na wadogo zangu. Nikitokea wananyamaza. Washkaji wa geto hawapokei simu. Zahanati nikisogea na fagio, wagonjwa wanakumbatia mikoba yao. Mimi, mtu wa maneno kama mimi, siku inaisha sijaongea na mtu.

Mama mdogo akaniambia, "Mwombe msamaha, mwambie hukujua kama yupo." Nikamwambia hivyo kupitia mlangoni, kila jioni. Juzi ndiyo mara ya kwanza akanijibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayetaka kuamini.

"Kweli mwanangu hukuniona?"

Nikabeba sahani yangu nikaenda kuiosha. Mimi!

Anangoja jibu, na nikisema "kweli" najua atafungua mlango. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini? Maana nilimwona. Alipoingia tulitazamana, akanipungia mkono. Ndipo hakimu akaniuliza, nami nikasema mama amekufa.