Siku Binti wa Bi Kipaza Alipovuka Uwanja

Bi Kipaza hakusomea utangazaji. Pale shuleni aliajiriwa kama mhudumu: kupiga kengele, kufungua madarasa, kuwafunga vidonda wanaoanguka, na kutunza kabati la vitu vilivyookotwa. Kipaza sauti alikipata kwa mafua ya mtu mwingine. Ijumaa moja mwalimu mkuu alikaukiwa na sauti, wazazi wamejaa getini wanasubiri watoto, na tangazo la vyoo lilikuwa halina subira. Akamkabidhi mhudumu wake kipaza, akaenda kutafuta maji ya moto. Alipopona, kipaza hakikurudi kwake, na wala hakukiulizia.

Tangu hapo, kila Ijumaa mchana, habari za shule zilisomwa na yeye, kasimama kwenye ngazi ya baraza, miwani puani. Sisi wazazi tulikuwa tunawahi. Kuna mzazi aliyekuwa akimsahau mtoto shuleni Jumatatu hadi Alhamisi, lakini Ijumaa anafika kabla ya kengele. Mbiu ikilia kuna jambo, na mbiu ya Bi Kipaza ilikuwa na mambo.

"Limeokotwa sweta la kijani, kola imetafunwa," angesema, kwa sauti ileile ya kutangaza likizo. "Mtafunaji anajulikana. Yuko darasa la pili, na mama yake amesimama pale kwenye nguzo. Choo cha wavulana kimetengenezwa. Walimu wanaomba kibaki hivyo angalau mpaka Jumatano. Mwalimu wa hesabu amepata mtoto wa kiume. Mama na mtoto hawajambo. Mwalimu mwenyewe bado."

Msidhani alikuwa anatia chumvi. Laiti angetia chumvi, mtu angepata pa kushika. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana iliwasha. Baba mmoja alitangazwa kwamba alichukua mtoto asiye wake, akafika naye nyumbani, na akagundua mezani baada ya mtoto kuomba kurudishwa kwao. Jumatatu baba huyo alikuja juu, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kwani uongo?" Bi Kipaza akamuuliza.

"Si uongo, mama, lakini..."

"Haya basi, baba, tumemaliza."

Kanuni yake ilikuwa moja: jambo likitokea shuleni ni la shule, na hakuna wa kufichiwa wala wa kupendelewa. Wanawe wawili wa kiume walipitia mikononi mwake. Wa kwanza alivunja kioo, akatangazwa pamoja na rangi ya shati alilovaa. Wa pili ilitangazwa kwamba kwenye kwaya huwa anachezesha mdomo tu. Sasa ni watu wazima, wanaishi mbali, na wakipiga simu huongelea hali ya hewa. Bi Kipaza hakuliona hilo kuwa ni jambo. Alisema wanaume ndivyo walivyo.

Akabaki na binti, kitinda mimba wake, aliyekuwa darasa la nne. Mtoto mkimya, mrefu kuliko umri, anayependa kukaa na baba yake kwenye karakana ya friji akimshikia tochi. Huyo ndiye mama alikuwa anamtegemea kwa uzee, na alikuwa anampenda kupita kiasi, ingawa kupenda kwake usingekuona mpaka ujue pa kutazama.

Basi mwaka huo, katikati ya muhula wa mwisho, mfagiaji akaokota kitu chini ya dawati, akakipeleka kabatini. Kilikuwa kipande cha shuka la buluu, ukubwa wa leso, ncha moja imenyonywa hadi imekuwa ngumu. Bi Kipaza alikitambua palepale. Shuka lenyewe alikuwa amelichana yeye. Mtu mwingine yeyote, mzazi wa kawaida mwenye akili zake, angekitia mfukoni, akarudi nacho nyumbani, akakiweka chini ya mto, yakaishia hapo. Bi Kipaza alikiweka rafu ya juu, kwenye vitu vya kutangazwa.

"Kimeokotwa kipande cha shuka la buluu," akasema Ijumaa. "Ni cha binti yangu wa darasa la nne. Halali bila hicho, na kumbe siku hizi anakuja nacho. Kwa kuwa vya wengine vinatangazwa, nacho nimekitangaza. Mkutano wa wazazi umeahirishwa."

Tulicheka, kusema kweli. Mkuki kwa nguruwe, na siku hiyo nguruwe alikuwa wa mwenye mkuki. Wengine walimpongeza kwa uadilifu wake. Binti alikuwa kwenye mstari na wenzake. Hakulia, hakununa, hakukimbia. Alikwenda kwenye ngazi, akapokea kitambaa chake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akarudi mahali pake. Kufikia Jumatatu darasa zima lilikuwa likimwita Shuka, na wavulana wakipishana naye wananyonya pembe za kola zao.

Wiki ikapita. Kisha akamwendea baba yake, akiwa ameshika tochi, fundi kaingiza kichwa nyuma ya friji.

"Baba, nikivuka nataka nikavukie kwa shangazi."

Hapa lazima nieleze kuvuka. Shule yetu ina pande mbili. Upande wa geti kuna madarasa ya wadogo, hadi la nne. Ng'ambo ya uwanja kuna jengo la ghorofa, nalo ni la madarasa ya kati, kuanzia la tano. Kule kila somo lina mwalimu wake, vitabu vinakaa kwenye makabati ya kufuli, na mzazi haruhusiwi kupita ngazi ya kwanza. Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho ya mwaka, watoto wa darasa la nne husimama upande huu, huitwa mmoja mmoja, na kila anayeitwa huvuka uwanja peke yake, wakubwa wakimsubiri ng'ambo. Anapovuka, Bi Kipaza humsomea habari yake moja. Habari moja tu, lakini hukaa. Kuna kijana anasoma chuo sasa hivi ambaye bado anaitwa Aliyemtapikia Mkaguzi.

Shangazi naye, dada yake fundi, alikuwa na nyumba mtaa mwingine karibu na shule nyingine, na chumba kitupu ambacho alikuwa amekiwekea mapazia zamani kwa kumtamani mtoto huyo. Alipoambiwa hakujifanya kusikitika. Alipiga simu siku ileile.

"Wifi," akasema, "mtoto si taarifa."

"Wifi, mtoto ni wangu."

"Najua ni wako. Wote tunajua. Umetutangazia."

Fundi friji ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatumia kwa wateja. Lakini jioni hiyo ilibidi awe mjumbe. Alimwambia mkewe kwamba mtoto kasema hivi: akitangazwa siku ya kuvuka, kwa zuri au kwa baya, Jumamosi anafunga mzigo na kwenda kwa shangazi. Asipotangazwa, anabaki.

"Niwatangaze wote nimruke wangu?" Bi Kipaza akauliza. "Watasema nini? Watasema kumbe wa kwake tu ndiye ana ngozi ya kuumia."

"Sijui watasema nini," fundi akajibu. "Mimi nakuambia mtoto kasemaje."

"Na habari niliyomwekea ni nzuri. Ya yeye kutengeneza birika la walimu. Nimeitunza tangu mwezi wa pili."

"Kasema hata nzuri."

Bi Kipaza hakulala vizuri siku hizo, na kazini alianza kupiga kengele mapema au kuchelewa. Alikwenda hadi kwa mwalimu mkuu kumwomba asome yeye. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba wazazi wamekwisha kuandaa nguo. Akatoka pale akiwa mdogo. Kilichomtisha si maneno ya wazazi, ingawa ndiyo aliyokuwa akiyasema. Kilichomtisha ni kile chumba chenye mapazia. Alimwona binti yake akipiga simu kutoka kule, akiulizwa hali, akisema huku kumenyesha.

Siku ikafika. Viti vimepangwa, wazazi tumevaa, simu tumezinyanyua kurekodi. Watoto wa darasa la nne walisimama mstari mmoja, soksi zimevutwa. Bi Kipaza akapanda ngazi, akafuta miwani, akaanza, na nakuambieni alikuwa katika ubora wake. Wa kwanza alivuka akisindikizwa na habari kwamba alimficha paka kwenye dawati wiki nzima na paka akaongezeka uzito. Wa pili, kwamba ameshinda mbio zote isipokuwa zile alizokimbia upande usiofaa. Tulikuwa tunafuta machozi. Wenyewe wanaovuka walikuwa wakitembea na nyuso za watu wanaopita mvuani.

Kisha ikafika zamu yake. Uwanja ukatulia wenyewe, maana tulikuwa tumesikia. Mtaa wetu hauna pazia. Kwenye mstari, mvulana mmoja alikuwa ameshatia pembe ya kola mdomoni, tayari. Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Begi lake, tuliona wote, lilikuwa limejaa kuliko begi la siku ya mwisho ya shule.

Bi Kipaza akainua kipaza. Tulimwona akivuta pumzi, na tulijua ana mengi: birika, tochi, kuongea usingizini, jinsi mtoto huyo alivyomsomea bibi wa jirani ujumbe wa simu mpaka bibi akajua kusoma. Mama gani asingetaka watu wajue? Akakishusha. Akakiinua tena.

"Anayefuata ni binti yangu," akasema. "Habari zake anazo mwenyewe."

Tukangoja nyongeza. Haikuja. Binti aliinua uso, akamtazama mama yake muda kidogo, kisha akaanza kutembea. Uwanja ule ni mpana. Ukiwa na kelele huoni upana wake. Tulisikia viatu vyake vikikanyaga changarawe mwanzo hadi mwisho, na kipaza kikiunguruma kidogo mkononi mwa mama. Mtoto akafika, akapanda ngazi ya kwanza, ile tusiyoruhusiwa, akaingia. Hakugeuka nyuma.

"Ndiyo yote?" akauliza mama wa yule mtafunaji wa sweta.

"Ndiyo yote," Bi Kipaza akasema, akasogeza miwani na kumwita mwingine.

Huyo mwingine alikuwa yule mvulana mwenye kola mdomoni. Akaitoa. Akatazama ng'ambo, akatazama ngazi, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mama, na mimi zangu ninazo."

"Unazo?"

"Ninazo, mama."

"Haya, vuka."

Akavuka kimya, kifua mbele. Aliyemfuata naye akasema anazo. Na aliyefuata. Mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, walikuwa nazo. Sisi wazazi tumesimama na simu zetu hewani tunarekodi watoto wanatembea. Sherehe ambayo kila mwaka hutupeleka hadi jua linapungua iliisha chai haijachemka, na mwalimu mkuu ikabidi ahutubie, jambo ambalo hakuna aliyelitaka, yeye mwenyewe akiwemo.

Tulinuna, msituone watu wema. Kuna waliosema shule imeharibika. Siku hizi habari za Ijumaa ni sweta, choo, na tarehe ya kufungua, na wazazi tunafika kengele ikishalia kama watu wengine wote.

Begi lilirudi nyumbani likafunguliwa. Shangazi aliambiwa mtoto anabaki, akajibu kwamba mapazia hayaozi. Bi Kipaza alidhani sasa mambo yamekaa sawa. Kumbe maji yaliyomwagika hayazoleki kwa siku moja.

Muhula mpya ulipoanza, binti alikuwa akirudi kutoka madarasa ya kati, anaweka begi, anaamkia.

"Habari za shule?" mama anauliza.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, mama."

Na anakwenda karakana kushika tochi. Hivyo kila siku, wiki kwa wiki. Mwanamke aliyekuwa akijua mpaka mwalimu wa hesabu amegombana na nani sasa alikuwa anasikia vicheko vikitoka ghorofani, akikitambua kimoja kuwa ni cha mwanawe, na hajui wanacheka nini. Iliuma. Aliniambia mwenyewe kwamba iliuma kuliko kuzaa. Lakini hakupanda ile ngazi, hakumuuliza mwalimu, hakumtuma mtu. Alijikaza kisabuni, akapiga kengele yake.

Ilikuwa jioni moja, mchele uko kwenye ungo anauchambua, binti akaingia jikoni. Hakwenda karakana. Alisimama kwanza, akasukuma mlango ukajifunga, akavuta kigoda.

"Mama."

"Abee."

"Nikikwambia kitu, kitaishia hapa?"

Bi Kipaza aliweka ungo chini. Hakuapa, hakuweka mkono kifuani. "Kitaishia hapa," akasema.

Walikaa mle hadi giza likaingia. Baadaye walipika, wakatenga mezani, wakarudi tena jikoni wakafunga mlango. Fundi friji alikaa mbele ya sahani akiwasubiri, akasikia sauti ya mtoto ikienda, inasimama, inaendelea, na sauti ya mkewe haisikiki kabisa. Kuna wakati mtoto alilia. Kuna wakati walicheka wote wawili.

Mkewe alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Alikuwa anasemaje?" fundi akauliza.

"Mambo yake."

"Mambo gani?"

"Kula, baba, chakula kinapoa."

Fundi alimtazama mkewe kama anavyotazama friji iliyoanza kugandisha kabla hajaigusa. Akangoja kidogo, labda kuna nyongeza. Kisha akavuta sahani, akala wali wake umepoa.