Kuku wa Buluu wa Rigobert Mwenze

Rigobert Mwenze ni fundi wa kushona pale Katuba, na ukimuuliza mwenyewe atakuambia kuwa ni bingwa wa kila jambo lisilohusu kushona. Akikushonea suruali, mguu mmoja utafika kazini kabla ya mwingine. Lakini keti kidogo pembeni ya mashine yake barazani, utafundishwa namna ya kuchimba shaba, namna ya kuongoza treni (baba yake ndiye alikuwa mtu wa reli, yeye treni ameipanda tu), na tangu mwaka jana, namna ya kufuga kuku.

Ninamsema hivyo kwa sababu nina haki. Ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, na lupango yake, yaani ua wote na nyumba iliyomo, inapakana na yangu. Kuku wangu mimi wanasifiwa mpaka Kamalondo. Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini hakuna kuku wangu aliyewahi kuniacha.

Mwenze alinunua tetea kadhaa sokoni na kijogoo kimoja chekundu chenye kifua, ambacho kilikuwa bado hakijaanza kuwika. Akafika nao asubuhi ndani ya kikapu, akaweka kikapu katikati ya ua, akafungua.

“Mwenze,” nikamwambia juu ya ukuta, “kuku wageni hawafunguliwe vile. Ubafunge kwanza mu kibanda, siku kadhaa, mupaka bajue pa kulala. Kisha ubatoe mangaribi, wakati njaa iko nabashika. Habatafika mbali. Kesho yake unaongeza wakati kidogo.”

Huniita yaya, yaani mkubwa wake. Akacheka, sindano ikiwa mdomoni. “Yaya, weye uko unafuga kuku ao bafungwa?”

Jioni tetea wawili hawakuonekana. Nadhani walirudi sokoni kwa miguu, maana njia waliijua kuliko walivyomjua Mwenze.

Waliobaki wakataga, wakaangua, na hapo ndipo mwewe alipogundua Katuba. Lazima nikueleze kuhusu Régine, mke wa Mwenze. Régine ni mwanamke wa nyumba kamili, anafagia ua kila asubuhi mpaka udongo mwekundu unabaki laini kama sahani. Huku kwetu jani moja likilala chini, majirani wanaanza kuuliza kama mama mwenye nyumba anaumwa. Sasa fikiria wewe ni mwewe, uko juu, unaona sahani nyekundu isiyo na jani, na vifaranga wa njano wamepangwa katikati. Hata padri angeshuka.

Nikamwambia Mwenze aache kona moja yenye matembele, apande mihogo kidogo, aweke hata meza mbovu, ili kifaranga kikisikia jogoo analia kiwe na pa kuingia. Régine ndiye aliyenijibu, fagio mkononi.

“Yaya, mi nifuge nyoka mu matembele, juu ya kusaidia kuku?”

Mwenze akasema wote wawili hatujui kitu. Akaenda famasi akanunua dawa ya buluu, ile ya kupaka vidonda. Hapo sitamcheka bure, maana kupaka vifaranga rangi ni jambo la zamani, wengi wanafanya. Mwewe akiona kifaranga cha buluu anasita, anafikiri hicho si chakula. Lakini mtu mwenye akili anapaka vifaranga, kidogo tu mgongoni, na anaishia hapo. Mwenze alipaka ukoo wote. Alimshika mpaka jogoo, aliyekwisha kukua hata mwewe angehitaji msaada kumwinua, akamchovya kwenye beseni kama shati. Halafu, kwa sababu kichwa chake hakijui kuacha, akakoroga bizari na mafuta akampaka mkia na mabawa.

Buluu na njano. Kila mtu wa Lubumbashi anajua hizo ni rangi za timu ya watu wa reli, timu ya baba yake. Na mtaa wetu, kuanzia kwangu mpaka kwenye kona, ni wa timu nyeusi na nyeupe.

“Sasa hata mwewe atatuheshimu,” akasema.

“Mwewe haendake ku stade kuona mupira,” nikamjibu. “Bantu njo banaenda. Na mulango yako iko wazi.”

Mlango wa ua wake ulikuwa wazi kweli, kutwa nzima. Kuku ni kiumbe huru, ndivyo alivyosema. Kuku wangu pia wako huru, lakini uhuru wao una mwenyewe. Ninawafungulia umande ukiisha kukauka, ua wangu una mabati pande zote, mbwa wangu alikua pamoja nao tangu mdogo, na jua likianza kushuka ninatikisa kopo la mahindi mara moja tu, wote wanaingia na mimi ninafunga. Mwenze alikuwa anatikisa ulimi. Mmoja akagongwa na pikipiki, mwingine akaingia sufuria ya mtu ambaye mpaka leo anasema hamjui, na mwishoni jogoo akabaki na tetea wachache waliokuwa wanaatamia.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama si Bénie. Huyo ni binti wa kwanza wa Mwenze, anasoma chuo kikuu pale Kasapa, na hakurithi ulimi wa baba yake, Mungu asifiwe. Kijana mmoja anaitwa Merdi alimpenda, na ukoo wa Merdi ulituma habari kwamba utatoka Kambove, uje Jumapili baada ya misa kufunga maneno ya ndoa.

Kwetu, wakwe wanaokuja kwa neno kama hilo hawapewi kuku wa kununuliwa kwa ajili yao. Wanapewa jogoo aliyeanza kuwika ndani ya lupango ile ile, na analetwa mezani mzima, kichwa na miguu. Ukiwapa wa sokoni, au wale walioganda wa kwenye katoni, wanauliza kwa upole kama na binti mlimwokota sokoni. Wengine wanainuka, wanaaga, na hawarudi. Kwa hiyo ndoa ya Bénie ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili ya jogoo wa buluu na njano, na mlango ulikuwa wazi.

Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, timu zetu mbili zikakutana. Timu ya Mwenze ikapigwa vibaya.

Unajua desturi yetu: aliyeshinda anamzika aliyeshindwa. Tukabeba jeneza la katoni, tukaimba nyimbo za kilio, mtu mmoja akajifunga kitambaa akawa mjane. Mbele alikuwa Aristote, yule anayeziba magurudumu kwenye kona. Tulipofika kwa Mwenze, jogoo alikuwa nje anachakura kando ya mfereji, amevaa rangi zote za msiba.

“Marehemu njo uyu,” akasema Aristote.

Mimi sikumshika, mikono yangu ilikuwa kwenye ngoma. Wakamtia ndani ya jeneza, wakatoboa tundu, kichwa kikatoka. Tukaendelea kuimba, naye akawika kati ya nyimbo, vizuri kuliko mjane wetu.

Mwenze akatoka mbio na ndara, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

“Aristote, mutoto muzuri, leta iyi kuku. Ni ya bakwe. Banakuya kesho.”

“Papa Rigobert, pole na kilio,” akasema Aristote, na uso wake ulikuwa wa mazishi kweli. “Lakini maiti hairudishwake vile. Mwenye kufiwa analia kwanza, njo anachukua mutu wake.”

“Nilie nini? Timu yetu iko muzima. Arbitri na filimbi yake njo alituua.”

“Basi tutamuzika. Bukari iko ku moto.”

Bukari ni ugali, kwa hiyo kila mtu akajua kaburi hilo lina mfuniko na linakaa juu ya makaa. Mwenze akageuka akanitazama, kana kwamba mimi ningetoa hukumu. Nikapiga ngoma kidogo.

Ndipo Régine akatoka. Hakupandisha sauti. “Lia,” akamwambia bwana wake. “Ao kama unapenda timu kupita mutoto yako, rudia ku mashine. Mi nitaambia bakwe kama bukwe ilikufa jana, kwa mabao.”

Nyuma yake Bénie alisimama mlangoni. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake, na hakutazama jogoo, alimtazama baba yake.

Mwenze akatoa ile futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaweka mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

“Mama yangu,” akaanza, sauti ya mbu. “Tulipigwa.”

“Na nani, papa?” akauliza Aristote.

“Na beusi na beupe.”

“Na arbitri?”

Hapo akamtazama Bénie. Nimemjua Mwenze tangu hajaota meno, na sijawahi kumsikia akirudisha neno lililokwisha kutoka kinywani.

“Arbitri aliona muzuri,” akasema.

Wakampa jogoo wake. Alimbeba kifuani mpaka ndani, akafunga mlango wa ua, na sote tukasikia komeo likiingia. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilijua halijawahi kutumika kwa jinsi lilivyolia.

Jumapili wageni wakafika, na mkubwa wao alikuwa Papa Ngosa, baba mkubwa wa Merdi, mzee wa migodi ya Kambove, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Mimi nilikaa upande wa binti, mahali pangu. Huko jikoni Régine alikuwa amegundua jambo tangu alfajiri: manyoya yalitoka, rangi haikutoka. Alisugua ngozi kwa ndimu, akasugua kwa jivu, akasugua kwa majina yote ya ukoo wetu. Mwishoni akamwagia nyanya na mawese, akaomba.

Mfuniko ukainuliwa. Mapaja yalikuwa ya buluu. Mahali bizari ilipokutana na dawa palikuwa na kijani. Merdi akatazama dari.

Papa Ngosa akainama. “Iyi kuku ilikuwa nagonjwa nini?”

“Haikukuwa nagonjwa, papa,” akasema Mwenze. “Niliipaka juu ya mwewe.”

“Na njano?”

“Njano ni juu ya timu.”

“Timu gani?”

Mwenze akainamisha kichwa. “Ile ilipigwa jana.”

Hakuna aliyecheka. Nilitaka, lakini Régine alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mzee akamgeuza jogoo kwa kidole, akamchungulia mgongo, akamchungulia miguu, kama mtu anayepima jiwe kama lina shaba. Kisha akawageukia wenzake.

“Munaona iyi? Muzunguke soko yote ya Lubumbashi, hamutapata muntu wa kuuzisha kuku ya vile. Na akiuzisha, nani atanunua? Iyi ilikomea hapa, ilianza kuwika hapa, mu lupango hii, na huyu papa.” Akavuta kiti. “Mulete bukari.”

Akachagua paja lililokuwa buluu kuliko mengine, akalila mpaka mfupa, na maneno ya Bénie yakafungwa kabla ya kahawa. Mwenze akanitazama kutoka upande wa pili wa meza, midomo yake ya buluu, na akathubutu kunikonyeza. Walikuwa wamenipa shingo, ya kijani, na nilikuwa bado ninaitafuna.