Koili za Mjomba na Mguu wa Bibi

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Mjomba alichukua koili moja ya gari chini ya kitanda chake, akaisogeza sikioni na kuitikisa taratibu, kama mtu anayechagua yai. Akisikia mafuta yanacheza ndani, anaguna na kuirudisha. Akisikia kimya, anaitoa nje na kuitupa kwenye rundo la zilizokufa. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba kuna maji, mswaki na shati.

Mtaani wanamwita Cheche. Ni fundi umeme wa magari, mdogo wake Mama, kitinda mimba wa Bibi. Kukaa hakuwezi. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, anaizunguka meza. Mama anamwambia, "Keti basi, kiti hakina miiba." Anaketi. Unageuka kuchukua chumvi, ukirudi kiti kitupu, mwenyewe yuko mlangoni anatafuna.

Siku zile kilichomkimbiza ni mguu wa Bibi. Bibi ana kisukari. Alijikwaa kwenye kizingiti, kidole gumba kikachubuka, kidonda kikagoma kupona. Alikuwa anakwenda zahanati kusafishwa, anarudi amekunja uso mpaka jioni. Mjomba alikuwa hawezi kumtazama akiwa vile. Anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Ndipo akaona kwenye simu watu wa mbali wakipitisha tyubu ya kioo inayowaka juu ya magoti na migongo ya wagonjwa, wanasema ni mwanga wa plazma na unaponya. Umeme wa kuiwashia walikuwa wanautoa kwenye koili ya gari.

"Koili tu," alituambia, macho yanamng'aa. "Kitu nimekishika tangu sijaota ndevu."

Tyubu alipewa na mzee mmoja anayetengeneza mabango ya taa. Ilikuwa na urefu kama wa mkono wa mtoto, imezibwa pande zote, ndani gesi. Kwenye gari, koili inachukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkali, hadi uruke kwenye plagi na kuwasha petroli. Mjomba alitaka uruke ndani ya kioo. Akaunga betri, koili, na rilei ya kukatakata umeme, iliyokuwa inalia kama nzi ndani ya kopo. Siku ya kwanza tyubu ilitoa mwanga hafifu wa zambarau, unapepesuka kama mlevi. Bibi alicheka. Akasema mguu umekuwa mwepesi.

Siku ya zahanati ilipofika, akakataa kuvaa viatu.

"Kule wananikwangua kama sufuria," alimwambia Mama. "Huyu mwanangu hanigusi hata kidogo, na ninapata nafuu."

"Mama, nafuu iko wapi? Hebu nione."

"Umekuwa daktari lini wewe?"

Mama alimtazama Mjomba ili amsaidie. Mjomba alikuwa anakaza skrubu.

Wiki zikapita, kidonda hakikufunga. Mjomba akasema tatizo ni koili, haina nguvu ya kutosha. Akaanza kutafuta nyingine. Mama alikuwa ananituma niende naye sokoni, si kumsaidia, ila kuhakikisha anarudi, maana alikuwa na tabia ya kusema anafika hapo tu, halafu hapo pakasogea mbali.

Kwenye spea zilizotumika kuna mama mmoja anayepanga vitu vyake juu ya turubai. Tulimkuta anapangusa taa za breki.

"Cheche, gari lako lina silinda ngapi? Kila ukipita ni koili."

"Halina silinda."

"Lina nini sasa?"

"Lina mguu mmoja, tena mbovu."

Mama wa spea alicheka mpaka akashika kiuno. Mjomba hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, keshaanza kuchagua. Zile nyembamba za kisasa, zinazokaa juu ya plagi, alizisukuma pembeni kwa kidole. Nilimuuliza kwa nini.

"Hizo zina akili zao ndani. Zinasubiri amri ya kompyuta ya gari. Mimi nataka inayopokea betri bila kuuliza maswali."

Alichukua za zamani, za duara, zenye mwili wa bati kama kopo la maziwa. Anapima uzito kiganjani, anapapasa kuona kama bati limevimba, ananusa juu kwenye tundu la waya. Iliyowahi kuungua inanuka kama nywele zilizoshikwa na moto. Alipopata moja safi, aliibana kwapani akainuka.

"Hupimi?" mama wa spea alimuuliza, anamnyooshea mita. "Leo mbona hupimi?"

"Nitapima nyumbani."

Nyumbani hakupima. Tulipoingia tulimsikia Bibi anaguna chumbani, na Mjomba akaunga waya akiwa bado na kofia kichwani. Sasa, koili za bati ziko za namna mbili na kwa nje zinafanana kabisa. Moja inakula betri moja kwa moja. Nyingine lazima utangulize risista ya kuupunguza umeme, la sivyo inachemka. Hata fundi wa jana anajua hilo. Mjomba alikuwa anawagombeza wenzake gereji kwa kosa hilohilo.

Tyubu iliwaka vizuri kuliko siku zote. Aliipitisha juu ya mguu, huku na huku, koili ameishika mkono wa pili kwa kitambaa kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya kitanda. Nikaona bati linatuna. Kabla sijafungua mdomo, kifuniko kiliachia pembeni na mafuta yakatoka, ya moto, yanatoa moshi. Yalidondoka kwenye shuka, na mengine juu ya vidole vya Bibi.

Mjomba aliruka nyuma akaitupa koili sakafuni. Bibi hakuvuta mguu. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, anatabasamu, anamuuliza, "Umeshamaliza, baba?"

Nilimwona Mjomba alivyoutazama ule mguu. Ngozi ilikuwa imeanza kuinua malengelenge, na mwenye mguu hana habari, mguu umekufa ganzi. Alifuta mafuta kwa maji baridi, taratibu sana, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameketi bila kuinuka kwa muda mrefu.

"Koili mbovu," alisema mwishowe. Hakunitazama.

Kesho yake alirudi sokoni mapema na mita mfukoni, mimi nyuma yake. Safari hii alipima kila moja. Ikisoma chini, anaitupa upande wa zile za risista. Ikisoma pale anapotaka, anaiunga kwenye betri ya mama wa spea na kuruhusu cheche iruke kati ya misumari miwili. Cheche nyembamba ya njano, hapana. Ya machungwa, hapana. Wateja walisimama kumtazama, mmoja akauliza kama ni mazingaombwe. Mwisho akatoa moja iliyotoka kwenye lori kuukuu, ikapiga cheche ya buluu, nene, yenye mlio wa mjeledi. Mama wa spea alirudi nyuma.

"Hiyo itakuua, mdogo wangu."

"Hii ndiyo yenyewe," Mjomba akasema.

Nyumbani aliifunga kwenye kipande cha mbao, imesimama wima, waya mrefu, risista haihitajiki. Tyubu ilijaa zambarau kutoka mwanzo hadi mwisho, imetulia tuli, haina kupepesuka. Koili hata joto haikushika. Chumba kizima kilibadilika rangi. Hata Mama alikuja kusimama mlangoni kutazama.

Mjomba alipitisha mwanga juu ya mguu mpaka mkono ukachoka.

"Unasikia nini, Mama?"

"Taa nzuri sana, baba."

"Mguu. Kwenye mguu unasikia nini?"

Bibi alifikiri. "Mguu sijui. Nakusikia wewe unavyohema."

Mama aliingia, akapiga magoti, akafungua kitambaa. Harufu ilitufikia sote. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na weusi umeshaanza kuhamia cha pili.

"Kuna koili nyingine ya kutafuta?" Mama alimuuliza. Hakupandisha sauti.

Mjomba alizima. Rilei ikanyamaza. "Hakuna," akasema. "Hii haina kasoro."

"Basi katuletee gari. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Aliivisha tyubu kitambaa, akailaza mezani. Akaupangusa mguu wa Bibi kwa kiganja, pale ambapo hapakuwa na kidonda. Bibi akamwambia asichelewe. Akatoka akiwa na ndara, hata kofia hakuchukua.

Gari lilikuja upesi. Dereva alisema ameelekezwa nyumba na jamaa mmoja mwembamba pale kona, akaambiwa aendeshe polepole kwa sababu ya mgonjwa.

"Na yeye je?" Mama akauliza.

"Nilimwambia apande. Akasema anafika hapo tu."

Tulimweka Bibi kiti cha nyuma, mguu juu ya mapaja yangu. Akasema tumsubiri mwanawe kidogo. Tukasubiri, injini inanguruma, Mama anatazama upande mmoja wa barabara na mimi upande mwingine. Halafu Mama akamgusa dereva bega, tukaondoka. Bibi walimkata vidole viwili, mguu ukabaki. Mjomba hajarudi mpaka leo.