Kesho Wanamnyoa Bibi kwa Sababu ya Mawe Niliyoyang'arisha Mimi

Admin, nakuomba jina langu lisionekane, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku Rufiji, upande wa Nyamwage. Haya sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Nina aibu sana. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza nanyamaza, nikiulizwa kwa Kiswahili nanyamaza vilevile, na jibu ninalo. Mama yangu aliachika akaolewa mbali, kwa hiyo nalala chumba kimoja na bibi, mzaa baba.

Mvua za masika zilipokata nilikuwa nachimba muhogo shambani kwetu, chini ya kilima, jembe likagonga kitu. Nikatoa bonge la udongo mwekundu, limechomoza ncha kama penseli. Nilipolifuta kwa kanga ile ncha ikapitisha mwanga. Mwalimu wa jiografia alishatufundisha: kwatzi, jiwe la pande sita, hukua lenyewe ardhini bila kuchongwa na mtu. Nikawa nachimba kila nikienda shamba, nikapata mengine. Sikuwa na nia ya kuyauza. Nilitaka tu niwe na kitu kizuri cha kwangu, jamani.

Kuyasafisha kuna kazi yake. Kwanza nayaloweka kwenye maji ya sabuni ya unga mpaka udongo ulainike, nayasugua kwa mswaki wa zamani. Kwenye nyufa nachokonoa kwa sindano ya bibi ya kushonea mikeka. Ile kutu nyekundu haisikii sabuni, kwa hiyo nakamulia ndimu kwenye maji ya moto, nayaacha humo siku kadhaa. Zile ncha sizigusi kwa msasa, zimezaliwa laini. Nasugua pale chini palipovunjika tu, kwa msasa wa maji niliomwomba fundi anayepaka rangi pikipiki, halafu namalizia kwa kitambaa. Kitambaa laini kuliko vyote nyumbani ni kipande cha kaniki kuukuu ya bibi. Humo ndimo nilimoyafunga, nikayatia kwenye chungu pamoja na ndimu zilizobaki, nikakisukuma uvunguni. Na sindano, ili isipotee, niliichoma kwenye ndimu.

Mnaotoka huku mmeshanielewa. Wengine niwaambie: chungu uvunguni mwa mwanamke mzee, kaniki nyeusi, mawe yanayong'aa, ndimu imechomwa sindano. Huku hivyo ni vyombo vya mchawi. Wallahi mimi nilikuwa natazama mawe yangu tu, kingine sikukiona.

Mke wa baba mdogo, ambaye tunaishi naye ua mmoja, alifiwa na mtoto mchanga mwezi uliopita. Asubuhi homa, jioni hayupo. Juzi akaingia chumbani kwetu kuchukua ungo, akainama, akaona. Akapiga ukelele majirani wakajaa.

"Njooni mkione kilichomla mwanangu!"

Baba mdogo akakivuta chungu kwa kijiti mpaka uani, hakutaka kukigusa. "Mama," akasema, "hivi vya nani?"

Mimi nimesimama mlangoni na ndoo. Ndoo nimeing'ang'ania kwa mikono miwili. Bibi akaitazama ndimu, akanitazama mimi, akavitazama vidole vyangu vilivyochubuka kwa msasa.

"Vyangu," akasema.

"Unasema nini, mama?" Huyo ni baba yangu.

"Nimesema vyangu. Mnataka niwaimbie?"

Basi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa mganga anakuja kumnyoa mbele ya watu. Wanasema akishanyolewa uchawi unakwisha, naye anakaa kwa amani. Amani ipi? Kuna bibi kijiji cha pili alinyolewa, akanyweshwa dawa, tangu siku ile hakuna aliyepokea hata maji mkononi mwake. Alikufa peke yake ndani. Watu walijua kwa harufu.

Jana tukiwa jikoni nilimwambia bibi kwamba nitasema. Akacheka. "Mke mwenzangu, mimi ningekuwa mchawi si ningeanza na magoti haya?" Halafu akaacha kucheka. "Ukisema ni yako, watasema nimekurithisha. Watatunyoa wote wawili. Mimi zangu mvi. Wewe na kichwa kilichonyolewa na mganga shule utaingiaje? Nani atakaa na wewe dawati moja?"

Jiwe moja halikuwemo chunguni, ninalo hapa mfukoni mwa sketi, sijalimaliza. Nawaza nisimame mbele yao niwaonyeshe: huu mswaki, huu msasa, hivi ndivyo linavyong'aa. Fundi wa pikipiki ni shahidi. Lakini mimi ambaye jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunong'ona, nitaanzia wapi? Na wasiponiamini, si nitakuwa nimewapelekea ushahidi wao kwa mkono wangu?

Leo mchana bibi alikaa mkekani, akaniambia nimsuke. "Nisuke vizuri, wazikute nadhifu." Nimemsuka mistari midogo midogo mpaka kisogoni. Nywele zake laini kama sufi. Hakuna aliyelia. Ameenda kutawadha, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Dada zangu, mama zangu, nyie mliokwisha kupita kwenye mazito, niambieni nishike lipi. Niseme tuangamie wote, au ninyamaze aangamie peke yake? Nifanye nini? Nijibuni leo leo, kesho haitasaidia.

Ngojeni, kuna miguu inakuja mlangoni. Bibi huburuta mguu wa kushoto, namjua hata kwa mbali. Hii haiburuti. Ni mingi. Na leo bado ni Alhamisi. Naficha simu kwenye debe la mchele, natuma hivi hi