Jiwe la Nyuma ya Jineri

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani Bunda, ila ajira za serikali zilikuwa zimekwisha. Nilikaa nyumbani miezi saba. Mwishowe ofisi moja ikanipa kibarua: kuchora ramani ya mji na kuonyesha kila kitu ambacho mgeni angekitumia kutafuta njia. Mlima Balili, barabara ya Musoma, stendi, soko, mnada wa ng'ombe, jineri ya kuchambulia pamba. Nilipima kwa hatua zangu. Nikifika hatua ya mia tatu nilianza kuona shaka kama nimeruka moja, nikarudi mwanzo.

Nyuma ya jineri kuna jiwe pana, kubwa kama uwanja wa mpira, limelala kati ya mtaa wetu na mtaa wa jineri. Mpaka ulipita wapi, sikumwuliza mtu. Jua lilikuwa kali, na kuupitisha mstari juu ya jiwe kungenilazimu kupanda na kupima upya. Nikaufuata mfereji mkavu ulioko upande wetu. Basi kwenye karatasi yangu jiwe zima likawa la mtaa wa jineri.

Kwetu Mara ng'ombe wakiibwa, watu hufuata nyayo. Mahali nyayo zinapoingia zisitoke, watu wa hapo waonyeshe zilikotokea au walipe ng'ombe, na nyumba iliyo karibu zaidi ndiyo huanza kuulizwa. Nililijua hilo tangu utoto. Mimi ninayefikiria hata namna ya kubisha hodi, hilo sikulifikiria nilipochora.

Wiki iliyofuata, asubuhi, yowe likapigwa. Yowe likipigwa kila mwanamume hutoka, anayebaki ndani huhesabiwa kuwa mmoja wa wezi. Nilitoka na baba mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza upande wetu wa jiwe. Tuliwakuta wenye ng'ombe, watu kama sitini wenye marungu na mapanga, wamesimama ukingoni mwa jiwe. Nyayo zilifika pale zikaishia hapo. Jiwe halishiki kwato.

"Mzee, nyayo zimefia mlangoni kwako," mmoja wao alimwambia baba mdogo. "Ng'ombe wako wapi?"

"Zimefia kwenye jiwe. Jiwe si letu!"

Rungu likampata begani, la pili sikioni. Akapiga magoti.

Ng'ambo ya jiwe nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi baiskeli, mtu mwembamba aliyekuwa amefika na spana mkononi. "Si lenu tangu lini?" alisema. "Mihogo inayoanikwagwa pale ni ya nani? Si ya wake zenu?"

Watu wakacheka. Rungu likanyanyuliwa tena juu ya baba mdogo, na hapo mtu akaninyooshea kidole.

"Huyu msomi alikuwaga anazunguka hapa na karatasi ya serikali. Aseme yeye."

"Sema basi! Au huko chuo wanafundishaga kutetemeka?"

Nilijua kwamba mstari ule ulikuwa uvivu wangu. Nikisema hivyo, wangemrudia baba mdogo, ambaye damu ilikuwa ikimchuruzika mpaka kwenye kola. Nikisema jiwe ni la wote, wangepigwa wote wawili. Nikisema sijui, wangeuliza kwa nini nilikuwa napima, na zamu ingekuwa yangu. Nilitoa karatasi mfukoni, nikaikunjua.

"Kwa ramani, jiwe ni la mtaa wa jineri," nilisema. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Walimwangusha fundi kwa ubapa wa panga. Alijikinga kwa mkono wa kulia, na nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mdogo kuliko nilivyotazamia. Mmoja alichukua fremu ya baiskeli ya mteja akampiga nayo kiunoni. Mke wake alitoka mbio akamlalia, wakamvuta kwa nywele, wakaendelea. Wengine walitia moto paa la nyasi. Fundi aliacha kulia kabla hawajaacha kupiga. Mimi nilisimama na karatasi yangu mkononi.

Kisha sauti ikatoka upande wa Balili: ng'ombe wameonekana kwenye korongo, kutoka kwenye jiwe walipitishwa barabarani. Watu wakakimbilia huko, wakaacha vumbi na moshi. Hakuna aliyegeuka kumtazama fundi.

Baba mdogo alinishika mkono. "Umeniokoa, mwanangu. Twende nyumbani."

"Wewe mwenye karatasi!" mke wa fundi aliita. "Njoo ushike miguu."

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa jirani kumpeleka hospitali. Mke alivuta mbele, mimi nikasukuma nyuma, tukapita jineri, tukapita soko, watu wakitupisha bila kuuliza. Kila gurudumu lilipoingia shimoni fundi aliguna. Karibu na stendi alifungua jicho moja, lile lililoweza kufunguka, akanitazama kwa muda.

"Kijana, ule mpaka uliupima kweli?"

"Nilipima," nikasema.

Alifumba jicho. "Haya," alisema, "basi sisi ndio tuliokosea," na mke wake akaniambia nisukume kwa nguvu, tumefika kwenye mwinuko.