Senti Kumi ya Dada Yangu

Jina langu si langu peke yangu. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na wa kwanza sikuwa mimi. Yule alikufa ana miezi saba, kabla ya uhuru, kwenye kambi ya vibarua wa kahawa kati ya Ruiru na Thika. Nilipozaliwa nikapewa jina lake. Kambi ilibomolewa, kahawa ikang'olewa, na siku hizi pale ni bustani ya kupumzikia, yenye mabembea na mti ambao maarusi hupigia picha chini yake.

Mama ana miaka themanini na kitu. Aliposikia kwamba Jumatatu mkandarasi anakuja kufunika bustani nzima kwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, alikataa chakula. "Nionyeshwe tu mahali mtoto wangu amelala," akasema. "Nisimame hapo niombe, basi. Kwani hayo ni mengi?" Alama aliyokumbuka ni moja: walimzika na senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, imefungwa kwa uzi mkononi.

Mimi siwezi kukaa nikiangalia mama akilia. Nilienda Githurai kwa jamaa wa vyuma kuukuu aliye na mashine ya kutafuta chuma ardhini, nikamkodi Jumamosi nzima. Askari wa bustani alituruhusu kwa sharti moja: kila shimo lifukiwe hapo hapo na nyasi zirudishwe, watoto wasije wakavunjika miguu.

Wee! Mashine ililia kila hatua. Vifuniko vya soda, misumari, kijiko. Halafu senti zikaanza kutoka, zote zenye tundu, maana hapo watu waliishi na kupoteza vitu miaka mingi. Kufikia saa nane tulikuwa na kumi na nne. Kila moja niliipangusa kwa leso nikitafuta uzi. Uzi gani, haki ya Mungu, baada ya miaka sitini na ushei? Lakini hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nikiona haina uzi naitupa kwenye mkebe pamoja na zingine, nafukia shimo, nakanyaga nyasi mpaka mahali panakuwa kama hapajaguswa. Mama alinilea hivyo: ukifungua, funga, ukichimba, fukia. Askari alinisifu kwa usafi, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Mama alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Jioni nilimpa mkebe nikamwambia pole, yake haimo, hakuna yenye uzi.

Alizimwaga kwenye leso mapajani, akawa anazipapasa moja moja, macho amefumba. Akafika kwa moja, hakuiachilia. Ilikuwa imepinda kidogo. Mimi nilidhani ni trekta iliyoikanyaga.

"Baba yako aliigonga kwa nyundo," akasema. "Ndio ikae vizuri. Kamkono kalikuwa kadogo sana."

Uso wake ukang'aa, woi, sijawahi kumwona hivyo. "Sasa nipeleke," akasema. "Uliitoa wapi?"

Nilimpigia jamaa wa mashine. Akasema hata yeye hajui, mashimo yalikuwa mengi. "Na kuuliza si ujinga, mama. Ungemuuliza mama yako kama iko na alama nyingine." Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa amesema ukweli.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja hadi bustanini, na jamaa akaja na mashine yake. Akaipitisha kila mahali tulipochimba. Kimya. Tulikuwa tumeondoa kila kitu, hata misumari. Nilitafuta nyasi zilizokauka, udongo uliovimba, chochote. Nilikuwa nimefanya kazi safi mno. Nilihisi kama ni mimi nimempoteza mtoto huyo mara ya pili, na hakuna la kufanya.

Mama alisimama na mkongojo wake, senti ameifumbata mkononi.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Akaniangalia. Kisha akasogea hatua mbili kando, polepole.

"Ama ni hapa?"

"Ndiyo," nikasema tena.

Hakuuliza mara ya tatu. Akanipa mkongojo nimshikie, akaanza kuomba.